Kikohozi Ndani ya Wimbo wa Tatu

3 Machi
Muuguzi wa zahanati amenipa daftari hili la kurasa themanini. Anataka niandike kila siku nimekohoa mara ngapi, mpaka mvua zikatike. Nikamwambia, "Binti, mimi shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne nililikalia miaka miwili." Akasema namba zinatosha. Namba tupu zitanichosha. Nimehesabu meno ya magurudumu ya saa miaka arobaini na mitano, leo nihesabu vikohozi? Nitaandika na mengine. Asiyependa asisome.
Kikohozi: mara tisa.

5 Machi
Mvua. Mara kumi na mbili.

8 Machi
Ngoja nieleze nyumba yenyewe, isije ikaonekana naandika wazimu. Mwanangu ni dereva wa malori ya masafa. Akiondoka, unamsahau sura. Kaniachia mkewe nimwangalie, au kamwachia mkewe mimi aniangalie, inategemea unamuuliza nani. Chumba cha uani kilikuwa karakana yangu ya saa mpaka macho yaliponisaliti. Sasa ni cha mkamwana. Kabandika trei za mayai ukuta mzima, kaning'iniza magodoro mawili, na humo ndani anatunga muziki wa magemu ya kompyuta. Aliacha kazi ya mapokezi hotelini kwa ajili ya hilo. Mwanangu alikubali shingo upande: mvua zikiisha hakuna mkataba, mke anarudi kwenye dawati lake, na kile kitambaa cha shingoni anachosema kinamkaba.

Nimempa jina la Fundi Kelele. Hajui. Leo asubuhi nzima kagonga sufuria moja kwa kijiko.

"Mama, hiyo sufuria imekosa nini?" nikamwuliza nikiwa nje ya mlango.

"Natafuta sauti ya tone la maji, Baba."

"Toka nje, yapo bure."

Akacheka, lakini mlango hakufungua. Karakana yangu mwenyewe, ufunguo anauvaa yeye kiunoni, nabisha hodi kama mdai.
Mara nane.

11 Machi
Kampuni moja ya magemu inataka nyimbo sita. Nasema nyimbo ingawa hakuna mtu anayeimba. Gemu ni la mtu aliyefungiwa kwenye mnara wa saa na maji yanapanda. Anayesimamia karatasi ni mama mmoja ambaye huongea na mkamwana kwenye kompyuta. Kila sentensi yake ina kifungu: kifungu cha nne, kifungu cha tisa. Huyo nimemwita Bibi Vifungu.

Nilidhani mkamwana anauza nyimbo. Kumbe hauzi. Amenieleza taratibu, kama ninavyoeleza wateja wagumu wa kuelewa. Nyimbo zinabaki zake, anawapa ruhusa tu ya kuzitumia.

"Kwa hiyo ni kama nikikukodisha saa," nikamwambia. "Unaivaa, unatazama wakati, ila saa ni yangu."

"Hapo hapo, Baba. Na hawa wanataka ruhusa ya kipekee. Wakiivaa wao, miaka miwili hakuna mwingine wa kuivaa. Ikionekana mkononi mwa mtu mwingine, nimevunja mkataba."

"Na ukivunja?"

"Zote sita wanazitupa. Na watengeneza magemu wanajuana. Hakuna atakayenigusa tena."

Alisema huku anachambua mchele, hata hakuinua kichwa.
Mara kumi.

14 Machi
Leo nimefukuzwa. Wimbo wa tatu unataka mlio wa saa, na saa aliyoipenda ni ile kongwe yangu ya ukutani ambayo mteja mmoja aliileta kutengenezwa akapotelea. Saa ile inachechemea. Isipowekewa kidole gumba chini ya kasha, inakwenda tik, tik, kimya, tik. Mwenye kidole hicho ni mimi peke yangu. Nikaingizwa chumbani kama mgeni wa heshima, nikakalia kigoda, maiki mbele yangu.

Tulikwenda vizuri. Saa inagonga, kinanda kinaingia polepole, mwili wangu ukasisimka, siwezi kusema uongo. Dakika ya pili na sekunde kumi na moja, koo likaniwasha. Nikakohoa. Kimoja kifupi, kimoja kirefu chenye filimbi mwishoni.

"Baba!"

"Siyo mimi, ni mapafu."

Akanifukuza kama kuku aliyeingia jikoni. Baadaye akaniita turudie, nikiwa na shuka mdomoni, ikatoka safi. Yote haya kwa ajili ya Bibi Vifungu mwenye sauti ya bawaba isiyotiwa mafuta.

Nimwongezee mkamwana sifa hii: nilimwambia kwamba wimbo unapomalizika na kuanza upya unaruka, kama saa yenye jino bovu. Akasikiliza mara saba. "Kweli," akasema. Akaurekebisha. Sikutarajia kusikilizwa.
Mara sita, pamoja na kile kilichonifukuzisha.

17 Machi
Mkamwana ameniletea zawadi. Flashi ndogo, nichomeke kwenye redio yangu. Ndani yake mna ule wimbo wa tatu ulioharibika, kaukata mara tu baada ya kikohozi.

"Huu ndio wenye kikohozi chako, Baba. Nilitaka kuufuta, nikaona ni wako. Sikiliza mwenyewe, lakini usitoke nje ya nyumba hii."

"Nani, mimi au wimbo?"

"Wote wawili, mvua hii."

Nimeusikiliza mara nne. Ukifika pale ninapokohoa, nacheka mwenyewe.
Mara saba.

20 Machi
Nimetoka nje ya nyumba hii. Nimekwenda kwa Kinyozi, mahali pangu pa kukaa na kuwasema wapita njia. Redio nilikuwa nayo. Nikawaambia wenzangu, "Nisikilizeni, nimekuwa mwanamuziki." Kinyozi akaichomoa flashi akaichomeka kwenye spika yake kubwa ili wasikie vizuri. Nilipokohoa, genge zima likavunjika mbavu, mmoja kakatwa vibaya kisogoni kwa kucheka. Wameurudia mara tano. Nimerudi nimenyooka kama kijana.
Mara nne tu. Sifa ni dawa.

22 Machi
Mvua. Mara tisa.

29 Machi
Mkataba umesainiwa. Mkamwana alichapisha karatasi kumi na mbili, akasaini kila moja, akazipiga picha akazituma. Kisha akakaa sakafuni. Mwanangu kapiga simu kutoka barabarani, anapiga kelele kama yeye ndiye aliyegonga sufuria. Nyimbo sita, ruhusa ya kipekee, miaka miwili. Nikampa mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi kama chuma.

Kwa kweli anafanya kazi kuliko nilivyokuwa nafanya mimi. Mimi nilikuwa nalala juu ya meza saa nane mchana na kuwaambia wateja nachunguza springi.
Mara nane.

7 Aprili
Leo nikiandika vibaya mnisamehe.

Nilikuwa kwenye foleni ya zahanati. Pembeni yangu kakaa dada mmoja mwenye mimba, anacheza gemu kwenye simu, bata wanaruka kutoka jiwe hadi jiwe. Sikujali. Mara sikio langu likasimama. Tik, tik, tik, tik. Saa ile naijua kama ninavyojua hatua za marehemu mke wangu. Kinanda kikaingia polepole. Nikajiambia, mzee, unaota. Nikaanza kuhesabu sekunde, tabia ya kazi. Dakika ya pili, kumi na moja.

Kho. Kho-oooh, na filimbi mwishoni.

"Mwanangu," nikamwambia, "hilo gemu linakohoa?"

"Eeh, babu!" Akacheka. "Nyumbani tunalisubiri hapo hapo. Likizunguka linakohoa tena."

"Umelipata wapi?"

"Kila mtu analo. La bure."

Muuguzi akaniita. Akaniuliza kikohozi kinaendeleaje. Nikamwambia kinasafiri.

Mkamwana sijamwambia.
Mara kumi na tano.

8 Aprili
Sijamwambia.

9 Aprili
Amepika, ameniita mezani, nimesema tumbo. Ameniletea uji chumbani. Nimeunywa uji wake na sijamwambia. Labda haitajulikana. Simu ni nyingi, bata ni wengi.
Mara kumi na saba.

10 Aprili
Mvua kubwa. Sijamwambia.

12 Aprili
Imejulikana.

Barua ya Bibi Vifungu imeingia asubuhi. Mkamwana alinisomea kwa sauti, akidhani nitaelewa kuliko yeye. Mtu wa kampuni yao kaukuta wimbo wa tatu ndani ya gemu la simu. Wameambatisha kipande cha sekunde thelathini. Wanasema mkamwana kakodisha mali moja kwa watu wawili. Siku saba ajieleze. La sivyo sita zote zinarudi, na watawaandikia wenzao wamjue.

Akazipiga zile sekunde thelathini. Ni za mwanzo. Hazifiki kwenye kikohozi.

"Ni wangu," akasema. "Ni wangu kabisa, Baba. Lakini sikumpa mtu! Wameupataje?"

Alifungua kila bahasha kwenye kompyuta. Alisoma barua zote alizotuma tangu mwaka jana, akinisomea na mimi: "Hapa nimekosea? Na hapa?" Nikawa natikisa kichwa. Hapana, mama. Hapo hujakosea. Anakagua mikono yake mwenyewe damu iko wapi, na mwenye kisu nimekaa kwenye kigoda mbele yake.

Alitaka kulitafuta lile gemu, umeme ukakatika. Radi imekula nguzo ya mtaa mzima. Wanasema siku tatu au nne. Nilishukuru kukatika kwa umeme. Hiyo nayo naiandika.
Mara ishirini. Nimeacha kuhesabu baada ya hapo.

13 Aprili
Nimekwenda kwa Kinyozi na mvua yote ile.

"Ule wimbo wangu, ulimpa nani?"

"Wa kikohozi? Nilijinakilia kwenye simu siku ile, mzee. Yule mteja wangu wa shati la maua aliupenda, nikamrushia."

"Anafanya kazi gani?"

"Anatengeneza vigemu vya simu." Mkono wenye mashine ukasimama hewani. "Kwani ilikuwa siri?"

Nilitaka kumtukana, ila matusi yote yalikuwa yananifaa mimi.

Shati la Maua anakaa juu ya duka la rangi. Nilimkuta na fulana, maua yameanikwa dirishani. Kijana mpole, kibaya zaidi. "Mzee, haukuwa na jina, nikajua ni wa yeyote. Na kile kikohozi ndicho kimelikuza gemu, watu wanakitaka." Ameahidi kuuondoa leo hii akipata umeme. Waliokwisha kulipakua watabaki nalo. Nikamwomba aandike kwa mkono alivyoupata, kwa nani, lini. Akaandika ukurasa mzima na kusaini. Ninao, umekunjwa humu.

Njiani nimewaza kifundi. Saa mbili za aina moja unazitofautisha kwa mkwaruzo. Ule waliopewa kampuni ni safi. Huu wa bata una mkwaruzo, na mkwaruzo ni mimi. Kikohozi kinaonyesha kwamba uliovuja ni ule wa kutupwa, ambao hakuna mtu mwenye akili angemkodisha mteja. Kikohozi kinamsafisha mkamwana.

Na kinanitia hatiani mimi. Hakuna njia ya kumtoa yeye bila kuniingiza mimi. Nimezunguka jambo hili kutoka duka la rangi mpaka nyumbani, halina mlango wa uani.

14 Aprili
Bado siku tano. Mwanangu kapiga simu. Nimemsikia mkamwana akisema, "Ndiyo, nimeshawauliza hotelini. Nafasi ipo." Sauti haikutetemeka. Ningependa itetemeke.

15 Aprili
Nimekaa mbele yake mara mbili nikafungua mdomo. Mara ya kwanza nikaomba chumvi. Mara ya pili nikakohoa.

Mimi ninayemtania mwenye duka, askari, mpaka padri na shehe, leo sina mdomo. Basi nampa daftari. Humu mna kila kitu: tarehe niliyokohoa, tarehe aliyonipa flashi, tarehe niliyojifanya mwanamuziki. Mna na Fundi Kelele. Nilifikiria kuchana kurasa hizo. Lakini daftari lililochanwa nani ataliamini? Na bila tarehe zake, maneno yangu yana thamani gani?

Mkamwana, ukifika hapa, mimi niko barazani. Sikimbii, miguu yenyewe haiwezi.

16 Aprili
Daftari limerudi. Niandike ilivyokuwa.

Nilikaa barazani tangu asubuhi hadi adhuhuri. Saa sita na robo mlango ukafunguka. Alisimama na daftari kifuani. Macho mekundu, uso mkavu.

"Fundi Kelele," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Siku tano, Baba. Siku tano ulikuwa unajua. Ulikunywa uji wangu."

"Ndiyo."

"Ungesema tarehe saba ningewaandikia mimi kwanza, kabla hawajaniandikia. Unaelewa tofauti yake?"

Naielewa. Aliyeleta habari mwenyewe na aliyefumwa si sawa. Nilikuwa na vichekesho vitatu mdomoni, nikavimeza vyote, vikapita kama mifupa.

Aliangalia mvua. Kisha akafungua daftari.

"Hii ya tarehe kumi na nne, 'kama kuku aliyeingia jikoni'. Na ya kumi na saba, na ya ishirini. Hizo nazihitaji. Na karatasi ya huyo Shati la Maua." Akageuka kuingia. "Umeme umerudi. Vaa shati zuri, kesho kutwa utaongea na Bibi Vifungu."

Nilitaka kumwambia pole. Aliufunga mlango taratibu. Afadhali angeupiga.
Mara kumi na nne.

18 Aprili
Bibi Vifungu nilimtarajia mnene. Kwenye kioo cha kompyuta ni mwembamba, ana miwani, nyuma yake kuna kabati la faili zilizopangwa kwa urefu. Mkamwana alieleza yote, kwa sauti ile ya mapokezi hotelini. Akapiga wimbo wa kampuni: safi. Akapiga wa bata: nikasikika nikikohoa. Akasoma karatasi ya Shati la Maua.

"Nimesikia," akasema Bibi Vifungu. "Lakini kikohozi mtu anaweza kukibandika jana. Mzee, huyo ni wewe?"

"Ni mimi."

"Kohoa nisikie."

Nikavuta pumzi. Hakuna. Nikajilazimisha, ikatoka sauti ya mbuzi. Siku arobaini na sita nakohoa bila kuombwa, leo naombwa, koo laini kama la mtoto mchanga. Mkamwana alikuwa anaminya kingo za meza, kucha zimekuwa nyeupe.

"Soma basi hiyo tarehe kumi na nne," akasema Bibi Vifungu. "Yote, neno kwa neno."

Nikasoma. Saa, kigoda, sekunde kumi na moja, kuku, shuka. "Yote haya kwa ajili ya Bibi..." Nikasimama.

"Endelea."

"Hapa wino umefutika, mama."

"Naona wino kutoka huku. Endelea."

Nikafumba macho. "'Yote haya kwa ajili ya Bibi Vifungu mwenye sauti ya bawaba isiyotiwa mafuta.'"

Nikasikia mvua ikidondoka kwenye karai. Nikajua nimemzika mkamwana wangu mara ya pili, safari hii kwa udongo wa kutosha. Ndipo nikasikia kitu kama paka anayepiga chafya. Ni mkamwana. Kaweka kiganja mdomoni, mabega yanaruka. Na kule kwenye kioo Bibi Vifungu kavua miwani, na kicheko chake, jamani, ni bawaba kabisa! Nikashindwa. Nikacheka, na kicheko kikaamsha mapafu. Kimoja kifupi. Kimoja kirefu, na filimbi mwishoni.

Bibi Vifungu akaacha kucheka. "Huyo ndiye," akasema, akaandika.

Uamuzi ni huu. Nyimbo tano zinabaki. Wa tatu umekufa, hauwezi tena kuitwa wa pekee. Alete mwingine badala yake, mpya, wenye saa ile ile, ifikapo tarehe ishirini na nane kabla ya jua kuzama. Usipofika, mkataba wote umevunjika. Na kifungu kipya: hakuna nakala ya kutoka nje ya chumba, wala kwa ndugu.

"Hasa kwa ndugu," akasema mkamwana.
Mara tisa.

21 Aprili
Ametunga. Hakulala vizuri, ametunga. Ni mzuri kuliko ule wa kwanza, una hasira ndani yake. Hasira hiyo nadhani naijua inatoka wapi. Kurekodi haiwezekani, bati linanguruma. Magodoro na trei za mayai haviwezi mvua kama hii.
Mara kumi na moja.

24 Aprili
Mvua. Mara kumi na moja.

26 Aprili
Mvua. Tunakaa wawili tunaitazama, hatusemi. Leo kanipitishia sukari bila kuombwa.
Mara kumi na tatu. Kwa nini zinaongezeka sasa?

27 Aprili
Mvua. Nimekunywa dawa zote za muuguzi na za jirani pia.

28 Aprili
Saa tisa alasiri mvua ilikatika ghafla kama mtu aliyeitwa. Tukatazamana.

"Sasa, Baba."

Nilisimama mlangoni pa karakana nikabisha hodi, ingawa ulikuwa wazi. Kigoda kilikuwa pale pale. Nikaweka gumba chini ya kasha. Saa ikatembea sawa.

"Dakika tatu na sekunde arobaini," akasema. "Hatuna muda wa kurudia. Wingu lile linarudi."

"Shuka?"

"Shuka inasuguana, nimeisikia kwenye ule wa kwanza." Akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu barazani. "Nakuamini."

Afadhali asingelisema hilo. Shuka ingenisaidia zaidi.

Dakika ya kwanza nilihesabu. Ya pili, sekunde kumi na moja, kikaja, mahali pale pale, kama kina miadi. Kikapanda kifuani, kikakaa chini ya ulimi, kikaniwasha mpaka machozi yakanifika kidevuni. Nikawaza saa. Nikawaza uji. Nikawaza kile kitambaa cha hotelini kinachokaba shingo. Gumba halikutikisika. Kinanda kilikuwa kinapanda, kinapanda kama maji ya gemu lile, na mimi ndani ya mnara, pumzi imebanwa. Dakika ya tatu, sekunde thelathini na nane. Thelathini na tisa.

Akabonyeza. Akainua kidole: ngoja. Akasikiliza mwanzo hadi mwisho, hedifoni masikioni, huku mimi nakufa. Tone la kwanza likagonga bati. Akaitikia kwa kichwa.

Nilitoka mbio ambazo sikujua ninazo, nikashika nguzo ya uani, nikakohoa mpaka jirani akauliza kama kuna mgeni. Nyuma yangu nikamsikia akicheka, Fundi Kelele, kwa mdomo wazi.

Saa kumi na mbili kasoro jibu likaingia: "Tumepokea. Tumesikiliza mara mbili. Hakuna kikohozi. Mkataba unaendelea."

Ufunguo wa karakana bado anauvaa kiunoni. Sijauomba.

Kikohozi: mara kumi na tisa. Zote nje ya mlango.